Mlio Usio na Vumbi

Kichuguu chenyewe hakipo tena. Pale pamelimwa mahindi, na kijana anayelima aliwahi kuniuliza ni mawe gani haya mazito, meupemeupe, yanayojitokeza kwenye matuta kila mvua za kwanza zikinyesha. Nikamwambia si mawe, ni risasi. Akacheka, akidhani mzee ameanza utani wake. Nami sikuendelea. Ndani ya kichuguu hicho nilichimba kwa kijiti na kwa kucha kuanzia 1966 hadi 1968, nikiwa mtoto wa miaka kumi, kumi na moja, na ujira wangu ulikuwa senti ishirini kwa kopo la maziwa lililojaa. Kopo lenyewe dogo, la kushika kwa kiganja. Lakini jaribu kutembea nalo likiwa limejaa risasi, uone kamba ya mpini inavyokula vidole.

Aliyelipa alikuwa mzungu wa shamba la kahawa, mwendo wa saa moja hivi kwa miguu kutoka kwetu Iyula. Mbozi ilikuwa na masetla wa kahawa tangu miaka ya katikati ya zile vita kuu mbili, na huyu alikuwa miongoni mwa wachache waliobaki baada ya Uhuru. Watoto tulimwita mzungu wa makopo, kwa kuwa kila Jumapili alasiri alipanga makopo matupu mbele ya kichuguu akayatungua kwa bastola, moja baada ya jingine, bila haraka, kama mtu anayepalilia. Babu yangu mzaa mama alikuwa mpishi wake. Mimi niliingilia mlango wa jikoni.

Bastola alikuwa nazo tatu, zote kuukuu, zote za silinda. Ya kwanza Smith & Wesson ya .32, ndogo ya kukaa mfukoni, nikeli yake imebanduka kama sufuria iliyosuguliwa kwa mchanga miaka mingi. Ubavuni mwa mtutu nilisoma herufi moja moja neno Springfield, nikajiona nimemaliza shule. Risasi za aina ile, zile ndefu kidogo za .32, zilianza 1896. Ya pili ilikuwa Webley ya .38, ukisukuma kidude cha pembeni inavunjika shingo na kutema maganda yote sita kwa mkupuo mmoja. Ya jamii hiyo ndiyo waliyoining'iniza kiunoni maofisa wengi wa polisi enzi za Waingereza. Ya tatu lilikuwa jitu la Kijerumani la mfano wa 1883, bastola ya jeshi la Kaizari, tundu lake milimita 10.6. Hiyo alikuwa akiifuta tu na kuirudisha sandukuni. Haikuwa na chakula. Maganda yake hayakupatikana tena mahali popote alipoandika barua. Nilipomuuliza babu mbona kubwa ndiyo hailii, akanijibu, "Huyo ni ng'ombe wa kutazamwa, mjukuu wangu. Hakamwi."

Neno hilo la chakula lilikuwa la babu, si la mzungu, lakini ndilo lililonifungua macho. Kwa yule mtu kupiga makopo ilikuwa dakika kumi za Jumapili. Kuzilisha zile bastola ilikuwa wiki nzima. Risasi za kiwandani zilikuwa ghali na za vibali visivyokwisha, basi maganda ya shaba aliyokwisha kuyapiga aliyaokota yote, akahesabu, akaosha, akayajaza tena kwa mkono wake mwenyewe. Na kichwa cha risasi alikimimina mwenyewe. Kiswahili kimeyapa yale madini na kile kitokacho mtutuni jina moja, risasi, tulilolipokea kwa Waarabu, na nyuma ya jiko lile niliona sababu: mkononi mwetu vilikuwa kitu kimoja kinachozunguka tu. Kikitoka sufuriani kinaingia kwenye kalibu, kutoka kwenye kalibu kinaingia gandani, kutoka gandani kinakwenda kichuguuni, na kutoka kichuguuni kinarudi sufuriani ndani ya kopo langu.

Kilichopotea njiani tulikijazia barabarani. Novemba 1965 Rhodesia ya Ian Smith ilijitangazia uhuru wake, Zambia ikakatiwa mafuta yaliyokuwa yakipitia kusini, na tangu hapo malori ya mapipa yakawa yanapita kwetu usiku na mchana kutoka Dar es Salaam, kwenye vumbi na kwenye tope, mpaka bomba la mafuta lilipokamilika 1968. Madereva wa Kizungu waliiita njia ya jehanamu. Kwetu ilikuwa njia ya betri. Pale Mlowo betri zilizokufa zilitupwa kando kama makapi ya miwa, na babu alizipasua kwa shoka, akachukua vichwa vyake viwili tu vya juu. Mabamba ya ndani aliyakataa. Alisema yana moshi unaokwangua koo na takataka nyingi kuliko risasi yenyewe.

Babu alitoka kwenye ukoo wa wafua chuma. Wanyiha waliyeyusha chuma chao wenyewe, katika tanuru za udongo zilizomzidi mtu kimo, kabla majembe ya dukani hayajaizima kazi hiyo, na baba yake alikuwa ameishika mifuo kwa mikono yake. Kwa hiyo risasi aliidharau kidogo. Inayeyuka kwenye nyuzi 327 tu. Moto wa kuchemshia maharage unaitosha. "Hiki si chuma," alikuwa akiniambia akikoroga kwa kijiko kirefu, "huu ni uji." Tena tumekaa jirani na kimondo cha Ndolezi, tani zipatazo 16 za chuma na nikeli, ambacho mwaka 1930 mtaalamu wa jiolojia alikisugua kwa msumeno saa kumi apate kipande cha sentimita kumi. Mtu aliyekulia kati ya vyuma vya namna hiyo ana haki ya kuiita risasi uji.

Uji huo ulikuwa na adabu zake, hata hivyo. Kwanza unatupia kipande cha nta ya nyuki humo sufuriani. Inawaka, inatoa moshi mzito, na takataka zinapanda juu kama povu la maziwa. Unazikwangua. Chini yake inabaki sura kama kioo, na ukitazama vizuri unaona rangi ya zambarau ikitambaa juu yake na kutoweka. Kalibu ilikuwa kama koleo: mikono miwili ya mbao, kichwani vipande viwili vya chuma vinavyofumbana, na ndani yake vyumba viwili vya umbo la ncha ya kidole cha mtoto. Juu kuna bamba lenye matundu ya kumiminia. Unamimina, unahesabu mpaka mkia unaobaki juu ugande, unalipiga bamba kwa kijiti, mkia unakatika, unafumbua, na risasi mbili zinadondoka kwenye blanketi kuukuu bila kelele. Usizishike bado. Nilizishika.

Kalibu ikiwa baridi, risasi zinatoka na makunyanzi kama uso wa mtoto mchanga. Ikiwa moto kupita kiasi, zinatoka na ukungu mweupe. Katikati ya hali hizo mbili kuna kipindi kifupi ambacho kila unachomimina kinatoka chema, kinang'aa, pembe zake kali, na hapo mzungu na babu walikuwa hawasemi kabisa, mmoja anamimina na mwingine anapokea, kama watu wanaovuna kabla ya mvua. Baadaye mzungu alizibingirisha moja moja chini ya kidole, kisha akazipima kwenye mizani ndogo ya shaba. Ya .32 ilitakiwa gramu sita na ziada kidogo. Katika kila kumi, tatu au nne zilirudi sufuriani, wakati mwingine kwa kosa nisiloliona hata nikiisogeza machoni. Nimesikia watu wakisema mpenda bastola ni mpenda fujo. Sibishani nao, wapo wa namna hiyo. Yule niliyemwona mimi alikuwa mtu wa mizani, na mizani hiyo ndiyo aliyoipenda zaidi. Bastola ilikuwa kisingizio.

Nina kovu dogo juu ya kifundo cha mkono wa kushoto. Asubuhi moja nilitupa sufuriani vichwa vya betri ambavyo sikuviona kuwa vilikuwa na umande. Maji yakikutana na risasi iliyoyeyuka hayachemki, yanalipuka. Babu alikuwa amenivuta kwa ukosi wa shati kabla sijajua kilichotokea, na tone moja tu ndilo lililonipata. Na nikiwa kwenye kukiri, niseme pia kwamba hakuna aliyetuambia tunawe mikono. Nilikula mahindi ya kuchoma kwa vidole vilivyokuwa vyeusi kwa risasi. Leo Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiasi cha risasi mwilini kinachoweza kuitwa salama, hasa kwa mtoto, na kila nikisahau jina la mjukuu huwa najiuliza.

Lakini si hayo niliyokaa kuandika.

Kazi ya pili ilifanyiwa ndani, kwenye meza ya chumba cha kando, Jumamosi jioni. Hapo maganda hamsini yalisimama kwenye ubao wenye matundu ambao babu mwenyewe aliuchonga kwa mti wa mninga, safu tano za kumi kumi. Mzungu alitia baruti kwa kijiko kidogo, ganda baada ya ganda, midomo ikimchezacheza kwa lugha yao. Babu alikuwa ameniweka chini mapema kabisa, siku ya kwanza niliyokanyaga nyumba ile. "Akiwa kwenye ubao, hakuna hodi. Wewe ni ukuta. Nyumba ikiungua, ungua kimya."

Ilikuwa Julai 1967, msimu wa kuvuna kahawa, na baridi ya kwetu ya Julai mnaijua. Nilikuwa nimejaza kopo. Nilitaka kulipwa kabla mwenye duka hajafunga, kwa sababu alikuwa na maandazi ya moto, na nilikuwa nimeyawaza maandazi hayo tangu asubuhi. Mlango ulikuwa wazi nusu. Nikasimama kidogo. Nikakohoa. Halafu nikasema hodi.

Aliinua kichwa. Hakukasirika, afadhali angekasirika. Akatabasamu, akalichukua kopo, akalipima kwa mkono, akanipa sarafu ile ya senti ishirini yenye picha ya mbuni, ndege, si mti wa kahawa, ingawa kwetu Mbozi ingefaa iwe mti. Akasema, "Asante sana." Kisha akarudi kwenye ubao. Mimi nilikuwa bado mlangoni. Niliona kidole chake kikielea juu ya safu ya tatu, kikaenda ganda moja mbele, kikarudi, kikaenda tena, kikatua. Akachota kwa kijiko na kuendelea. Nilikimbia na sarafu yangu. Maandazi niliyapata.

Kidole kile sijakisahau kwa miaka karibu sitini.

Kesho yake, baada ya chakula cha mchana, makopo yalipangwa kama kawaida. Mimi nilikaa pembeni, juu ya gogo, tayari kwa kuchimba. Babu alikuja na birika la chai na kikombe kwenye sinia. Mzungu alisimama na ile ndogo ya .32, mkono mmoja mgongoni, akapiga ya kwanza. Kopo likaruka. Ya pili ikakosa, lakini nyuma ya kopo kichuguu kilitema vumbi jekundu, ukaona pale pale ilipoingia. Ya tatu ilitoa mlio mdogo, kama mtu aliyepiga fataki peke yake. Kopo halikutikisika. Dole gumba la mzungu likawa tayari limevuta kinyundo nyuma kwa ajili ya risasi ya nne.

"Simama!"

Sauti ile sikuwahi kuisikia kwa babu, wala sikuisikia tena. Haikuwa ya mpishi. Babu alikuwa askari wa KAR, jeshi la Waingereza huku kwetu Afrika Mashariki. Mwaka 1944 alikuwa Burma, kwenye bonde la Kabaw, katika mvua ambazo alisema zilikuwa zikiozesha mikanda ya buti miguuni, na nadhani ilikuwa sauti ya huko. Sinia ilikuwa chini. Mzungu aliganda, uso umemwiva. Mpishi wake alikuwa amempigia kelele za amri mbele ya mtoto, na kwa sekunde chache niliona uso wake haujui uchague nini, hasira au woga.

"Vumbi, Bwana," babu akasema, sasa kwa sauti yake ya siku zote. "Halikutoka."

Mzungu alishusha bastola taratibu ikitazama ardhi, akakirudisha kinyundo kwa dole lile lile, akafungua silinda na kumwaga maganda. Alipouinua mtutu wazi kuelekea mwanga, hakukuwa na mwanga. Risasi ya tatu ilikuwa imekaa katikati ya mtutu. Ganda lake halikuwa na baruti. Nguvu ya fataki peke yake ilikuwa imeisukuma mpaka pale ikachoka. Ya nne ingeikuta njiani, na mtutu ule mwembamba wa miaka mingi ungepasuka umbali wa mkono kutoka kwenye uso wake. Hayo aliyaeleza babu baadaye. Wakati ule nilichojua ni kwamba watu wawili wazima wamekuwa weupe, na mmoja wao hakuwa mzungu.

Babu alikwenda jikoni akaleta mpini wa mwiko na nyundo ndogo. Waliigonga ile risasi pole pole, mpaka ikadondoka kwenye kiganja cha mzungu. Nilisogea nikaiona. Ilikuwa nzuri kuliko zote nilizowahi kuchimba, haikubonyea mahali, ila ubavuni ilikuwa na michirizi iliyochongwa na mizunguko ya ndani ya mtutu, sawasawa kabisa. Mzungu akaketi pale pale kwenye nyasi. Akasema kwa Kiswahili chake, "Mimi najua kuhesabu." Akarudia, "Mpishi, mimi najua kuhesabu."

Babu hakumjibu. Alinitazama mimi.

Jioni ile mzungu aliyavunja maganda yote yaliyobaki, moja moja, akamwaga baruti na kuanza upya. Sikusema neno. Wiki ile sikusema, mwaka ule sikusema. Mtoto hujipa sababu: labda si mimi, labda alikosea kabla sijafika mlangoni. Lakini nilikuwa nimekiona kidole.

Azimio la Arusha lilikuwa limetangazwa Februari mwaka huo, na mzungu alisoma upepo kama wengine. Aliondoka 1968. Bastola alizikabidhi polisi kwa karatasi, na ile ya Kijerumani pia, ambayo haikuwahi kula. Sufuria, mizani na ubao wa mninga viliuzwa pamoja na vyombo vingine. Kalibu aliifunga kwenye kitambaa cha kaki akampa babu mkononi, bila hotuba.

Kalibu ya bastola ina kazi gani kwa mtu asiye na bastola? Babu alikuwa na gobori, lenye leseni, la kulindia shamba. Nilipokuja kuwa mwalimu wa historia ndipo nilipoelewa kwa nini vijiji vyetu vilikuwa na magobori na si bunduki za maana. Miaka ya 1880 bunduki zilimiminika pwani kwa makumi ya maelfu kila mwaka, zikapanda bara na misafara. Julai 1890 mataifa ya Ulaya yakatia saini mkataba kule Brussels: bunduki za kisasa marufuku kwa Mwafrika katika sehemu kubwa ya bara hili, ila gumegume zisizo na mizunguko mtutuni, na baruti ya kawaida, ziliachiwa mlango. Kwa hiyo tulichorithi ni kile walichoona hakiwezi kuwadhuru sana. Nimewafundisha watoto somo hilo miaka thelathini, na sijawahi kulifundisha bila kuona mdeki wa babu, ile fimbo ya kushindilia gobori.

Gobori halichagui. Mtutu wake ni bomba tupu. Ukishindilia misumari litatema misumari. Risasi zile nzuri za .32, zilizomiminwa kwa adabu zote za Jumamosi, babu alizitia tatu nne kwa pamoja kwa ajili ya nguruwe pori. Aliendelea kuzikagua vile vile, eti zenye makunyanzi zirudi sufuriani. Nilimwambia babu, nguruwe hajali. Akaniambia, "Mimi najali."

Usiku tulilala kwenye dungu, Machi na Aprili, mahindi yakiwa yameanza kukomaa, baridi ikipanda kutoka bondeni na blanketi moja kati yetu. Na hapo alianza mtindo ambao sikumwona nao zamani. Alipokuwa akishindilia alinitaka niseme kila hatua kwa sauti. Baruti? Imeingia. Kizibo? Kimeingia. Risasi? Zimeingia. Kisha anatumbukiza mdeki, na kwenye mdeki alikuwa amechonga alama mbili kwa kisu, moja ya mtutu mtupu, nyingine ya mtutu uliojaa, nami nataja mdeki umefika alama ipi. Kwa muda mrefu niliamini ananifundisha bunduki.

Usiku mmoja wa 1971 nguruwe walikuja kweli, kundi zima, tukisikia mabua yakivunjika. Babu alilenga, akafyatua. Fataki ikalia, gobori likanyamaza. Nilitaka kusogea nione. Akanizuia kwa kiwiko, gobori bado limeelekezwa gizani. Baruti yenye unyevu inaweza kufuka ndani kwa ndani, ikalipuka wakati umeshasahau. "Hesabu mpaka mia," akasema. "Kwa sauti."

Nikahesabu. Nguruwe walisikia, wakaondoka na mahindi yetu. Nilipofika thelathini nilijua kwamba hapa ndipo mahali pa kumwambia: gizani, hatuonani nyuso, hakuna wa tatu. Nilipofika sitini maneno yalikuwa ulimini. Nikasema sitini na moja. Nikaenda hivyo mpaka mia, na gobori halikulia.

Babu alishusha mtutu, akapumua. "Umehesabu vizuri," akasema. "Hakuna aliyekukatiza."

Hatukuongea tena juu ya jambo hilo, kama hayo yalikuwa maongezi. Septemba 1973 serikali ilipiga marufuku uwindaji nchi nzima, mwaka uliofuata tukahamia kijijini kwa Operesheni Vijiji, dungu likabaki mbali na likaanguka lenyewe. Babu alifariki 1977. Leseni ya bunduki hufa na mwenyewe, basi mjomba alilipeleka gobori polisi pamoja na kibuyu cha baruti na fataki zilizobaki. Kalibu hakuna aliyeiulizia. Ilikaa kwenye kopo la misumari mpaka 1989, Operesheni Uhai ilipoanza na jeshi likaingia kuwasaka majangili na silaha zao. Mjomba akaingiwa na hofu usiku, akaifukia kati ya mibuni, mstari wa pili. Niliifukua mwenyewe nilipostaafu 2016, mwaka ule ule tuliomegwa Mbeya tukawa Mkoa wa Songwe. Kile kitambaa cha kaki kilikuwa kimekwisha. Vyumba vyake viwili vya ndani vilikuwa vyeusi, havina kutu.

Mwaka 2023 serikali ilitoa miezi miwili ya msamaha, Septemba na Oktoba, kwa yeyote mwenye silaha isiyo halali aisalimishe bila kuulizwa. Kalibu si silaha. Lakini nina wajukuu wenye udadisi, na sikupenda siku moja watu waje kuwauliza swali ambalo jibu lake ninalo mimi peke yangu. Nikaitia kwenye mfuko wa nailoni, nikapanda bodaboda. Askari aliyeipokea, binti wa umri wa mjukuu wangu mkubwa, aliifumbua na kuifumba mara mbili tatu, akaniuliza kwa heshima kabisa kama ni ya kukamulia ndimu. Hatimaye aliiandika kifaa cha chuma, kimoja, chenye mikono ya mbao.

Kabla ya hapo, nilipofika, nilimkuta amejipinda mezani. Mbele yake palikuwa na mfuko uliokunjuliwa, risasi za bunduki fulani zilizoletwa na mtu aliyenitangulia, na alikuwa akizipanga mistari ya tano tano, midomo ikimchezacheza. Nilisimama mlangoni na mfuko wangu. Nyuma yangu kijana wa bodaboda akaniambia, mzee ingia, piga hodi. Nikamwashiria anyamaze. Tukakaa hivyo mpaka binti alipomaliza safu ya mwisho, akaandika kwenye daftari, akainua kichwa akashtuka kuniona.

"Shikamoo mzee! Umesimama hapo tangu saa ngapi? Mbona hukubisha hodi?"

"Marahaba," nikasema. "Ulikuwa unahesabu."